Pipa Lililotiwa Lakiri

Jedidah alianza kumshuku Riungu kabla hajajua amshuku kwa kosa gani. Makosa yalikuja baadaye, moja baada ya jingine, na kila moja alilipokea kwa mikono miwili.

Riungu alikuwa fundi wa kung'arisha pamba katika karakana ya kanisa pale Karurumo. Miaka hiyo wakulima wa Mbeere walikuwa bado wanalima pamba kwa wingi, na karakana ilinunua sehemu yake, ikaichemsha, ikaing'arisha na kuikata kuwa pamba ya kufungia vidonda hospitalini. Riungu alitoka Muthara, huko Tigania, baada ya kufanya kazi miaka sita katika kiwanda kikubwa cha nguo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akiitazama kazi, si mtu anayezungumza naye. Kwa Jedidah hilo lilikuwa doa tosha. Mtu asiyekutazama usoni ana lake jambo, alijiambia, na akakaa macho kulingoja jambo lenyewe.

Jedidah alikuwa mtunza stoo. Kwa miaka kumi na mmoja ufunguo ulikuwa shingoni mwake, umefungwa kwa kamba ya katani, na hata akienda ibadani Jumapili ulilala chini ya blauzi yake ya Umoja wa Wanawake. Watu wote walimwita Mama Stoo. Alijifanya kulichukia jina hilo, lakini ole wake aliyesahau kumwita hivyo.

Ndani ya stoo, mbali na sabuni, magadi na magunia, kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki ya rangi ya buluu. Hayo ndiyo yaliyokuwa na peroksaidi, ambayo kila mtu pale aliiita dawa tu. Ilionekana kama maji, lakini ikikugusa kidole ngozi ilibadilika ikawa nyeupe na kuwasha. Pamba iliingia kwenye beseni la dawa ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ikatoka nyeupe pepe. Kifuniko cha kila pipa kilikuwa na kitundu kidogo cha kupumulia, na Jedidah hakukipenda kitundu hicho hata kidogo. Kitu cha thamani namna ile kinaachwaje na tundu?

Kila asubuhi Ciakuthii, mama aliyemsaidia Riungu kwenye mabeseni, alikuja na ndoo kuchukua dawa ya siku. Jedidah aliipima kwa jagi, Ciakuthii akaenda zake, na jioni ndoo ikarudi. Wiki ya kwanza ya Riungu ndoo ilirudi tupu, tena imefutwa kwa kitambaa. Jedidah aliigeuza mikononi kana kwamba ametupiwa mzoga.

"Huko kwao Tigania, chombo ya mtu inarudishwa namna hii?" aliuliza. "Hata mwanangu mdogo hawezi kurudishia jirani bakuli tupu. Lazima kuwe na kitu ndani, hata kama ni maharagwe tano."

"Huyo mtu anafikiria kazi tu, Mama Stoo," Ciakuthii alisema. "Usijali. Mimi nitaangalia hiyo maneno."

Tangu siku hiyo ndoo haikurudi tupu. Ciakuthii aliacha nusu kikombe cha dawa chini kabisa, bila kumwambia Riungu, kwa kuwa adabu ya vyombo ni mambo ya wanawake na fundi alikuwa na yake ya kufikiria. Naye Jedidah, aliyelelewa asitupe hata kiini cha embe kabla ya kukinyonya mara mbili, alikimimina kile kidogo ndani ya pipa na kufunga stoo akiwa ameridhika.

Miezi miwili ikapita. Kisha hospitali moja ikarudisha marobota. Pamba ilikuwa na umanjano, walisema, kama meno ya mvuta kiko.

Riungu alikuja mwenyewe mlangoni mwa stoo na glasi, chupa ya asidi ya betri, na chupa nyingine ya maji ya zambarau, ile dawa ambayo kina mama huoshea vidonda. Aliomba kipimo kidogo kutoka kwenye pipa lililofunguliwa, akatia asidi, akaanza kudondosha zambarau. Kila tone liliingia, likapoteza rangi. Akahesabu kwa sauti mpaka tone moja likakataa kupotea na glasi ikabaki na wekundu hafifu.

"Thelathini na moja," alisema. "Hii pipa ikikuja ilikuwa matone arobaini. Dawa inakufa ndani ya stoo."

"Inakufa? Kwani ni ng'ombe?"

"Inapoteza nguvu, Mama. Inageuka maji."

"Ndani ya stoo yangu."

"Ndani ya stoo," Riungu alisema, akitazama glasi.

Jedidah aliyasikia maneno hayo mpaka kwenye mifupa. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni pake akimwita mwizi, tena bila kumtazama! Alipima kina cha pipa kwa fimbo na kulinganisha na daftari. Kilikuwa sawasawa, hakikupungua hata kidole. Basi jibu lilikuwa wazi kwake: mtu alikuwa akichota dawa na kujazia maji. Na mtu wa kwanza kupiga kelele ya wizi mara nyingi ndiye aliyebeba mali.

Kuanzia hapo makosa ya Riungu yakamiminika. Alikuwa na dada, Kathure, aliyefungua saluni pale Runyenjes, na kila Jumamosi Riungu alikwenda kwake na mtungi wa plastiki. Wiki iliyopita tu Jedidah alikuwa amemwona mke wa karani mmoja mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu, na nywele haziwi hivyo kwa maombi. Dawa ile ile inayong'arisha pamba hung'arisha nywele. Alifunga safari mpaka saluni, akajifanya anataka kusukwa, na wakati Kathure akimchana alinusa kila chupa iliyokuwa karibu na pua yake. Alikuta chupa ndogo za dukani, zenye karatasi zake. Aliutazama na mtungi. Ulikuwa na maji ya mvua, ambayo Riungu alimpelekea dada yake kwa sababu maji ya bomba ya Runyenjes yalikatika kila wiki.

Mtu mwingine angetulia. Jedidah alirudi nyumbani akisema kwamba chupa ni chupa, na aliyeibandika karatasi anaweza kuibandua.

Kisha akamwona anatia unga. Riungu alikuwa ameinama juu ya beseni, akamimina kitu kizito kinachong'aa kama gundi, halafu viganja viwili vya unga mweupe kutoka kwenye mfuko wa duka la dawa za mifugo.

"Hiyo ni nini unawekea pamba yetu?"

"Ni chumvi ya Epsom. Ile ya kuharisha ng'ombe."

"Sasa pamba imefungwa choo?"

Ciakuthii alicheka mpaka akashika ukuta. Riungu naye alitabasamu, jambo ambalo Jedidah alilihesabu kuwa dharau. "Maji ya kisima chetu iko na chuma," alieleza. "Si unaona vile sufuria zinafanya kutu? Chuma ikipata dawa, kidogo tu, inaanza kuivunja. Haimalizi haraka, inavunja na kuvunja. Hii chumvi na hii gundi zinaishika, dawa inabaki kwa pamba. Kwa beseni mimi naweza kuichunga. Kwa stoo siwezi, kwa sababu huniruhusu kuingia."

Angeyasikiliza maneno hayo vizuri, hadithi hii ingeishia hapa. Aliyoyasikia ni kwamba Riungu anataka kuingia stooni.

Akaenda kwa Mzee Mbaka, mwenyekiti wa komiti. Mbaka alikuwa mtu wa haki lakini mvivu wa safari, na alimwambia kwamba tuhuma bila ushahidi ni umbea. "Niletee kitu naweza kushika kwa mkono, Mama Stoo. Halafu huyo kijana ataenda kwao na barua ambayo hakuna karakana itamchukua tena."

Jumamosi adhuhuri, baada ya Riungu kupima na kupata yale matone thelathini na moja tena, na baada ya Ciakuthii kurudisha ndoo yenye adabu yake, Jedidah alijifungia stooni. Alimimina kilichobaki kwenye ndoo ndani ya pipa. Akakaza kifuniko. Kisha akawasha mshumaa, akadondosha nta juu ya kile kitundu cha kupumulia na kuzunguka kifuniko chote, na nta ilipokuwa bado laini akaigonga kwa muhuri wa karakana. Ilikuwa lakiri safi kama ya barua za serikali za zamani. Atakayefungua ataivunja, na atakayeivunja ndiye mwizi.

Jumatatu alifika wa kwanza. Lakiri ilikuwa nzima. Aliipapasa pande zote, hakuona ufa. Pipa lenyewe lilionekana limenenepa, ubavu umetuna, lakini stoo ilikuwa na joto na hakulitilia maanani. Aliacha mlango bila kufuli, makusudi, akajificha nyuma ya magunia ya magadi na kungoja kama paka.

Hakungoja sana. Riungu alipita nje akielekea kwenye mabeseni, akasimama. Pipa lilikuwa likitoa sauti, tik, tik, ambayo Jedidah alidhani ni bati la paa. Riungu aliingia bila kugeuka nyuma, akaweka kiganja ubavuni mwa pipa na kukiondoa haraka. Akatoa kisu mfukoni. Akaichokoa lakiri.

"Mwizi!" Jedidah aliruka kutoka nyuma ya magunia. "Nimekushika! Nimekushika leo!"

Hewa ilipuliza kutoka kwenye kitundu kwa nguvu, na povu na mvuke vikafuata. Riungu alimshika Jedidah mabega, akamsukuma nje ya mlango kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumsukuma. "Toka nje, Mama! Toka kwanza!" Kisha akavuta mpira wa maji na kulimwagilia pipa kwa zaidi ya nusu saa, akiwa amesimama mbali, mkono mmoja umekinga uso.

Watu walijaa uani. Waliona kisu, waliona nta iliyovunjwa, walimwona Mama Stoo ameanguka kwenye matope. Riungu alisema pipa lingepasuka, kwamba mtu alikuwa ameziba tundu lake. Nani angemsikiliza? Mzee Mbaka alipofika aliamuru dawa ipimwe, na Riungu akapima mbele ya wote. Matone ishirini na mawili.

"Kwa hivyo hata Jumapili uliiba," Mbaka alisema. "Rudi nyumbani. Komiti itakaa Alhamisi."

Jioni hiyo Jedidah alikula vizuri. Kufikia Jumanne habari zilikuwa zimefika Runyenjes, na saluni ya Kathure ilikaa siku nzima bila mteja, kwani hakuna mke wa mtu aliyetaka kuonekana akichanwa kwa mali ya kanisa. Jedidah alipoambiwa alisema, "Si niliwaambia?"

Jumanne hiyo hiyo alikuwa akiandika daftari ili Alhamisi kila kitu kiwe sawa. Jumamosi, matone 31, lakiri imewekwa. Jumatatu, matone 22, lakiri imevunjwa. Akaandika katikati: Jumatatu asubuhi, lakiri nzima. Kalamu ikasimama.

Lakiri ilikuwa nzima. Yeye mwenyewe aliipapasa. Tangu Riungu aivunje mpaka apime, uwanja mzima ulikuwa unamtazama, na hakuchota kitu. Sasa yale matone tisa yaliibwa lini, na nani, na kupitia wapi? Alikwenda akalichunguza pipa chini, ubavuni, kwenye kila mshono, akitafuta tundu, akiomba kwa moyo wote alipate. Hakulipata.

Alikaa juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza tangu Riungu aje Karurumo, Jedidah alijiuliza swali ambalo hakujua jibu lake mapema. Ni kitu gani kiliingia ndani ya pipa lile baada ya kupimwa Jumamosi? Kilikuwa kimoja tu, na kiliingia kwa mkono wake.

Alichukua chupa mbili safi, akachota dawa kutoka kwenye pipa la pili ambalo halijawahi kuguswa, akajaza zote nusu. Akamwomba Ciakuthii ndoo ya siku. Ciakuthii aliileta kutoka mahali pake pa kawaida, chini ya bomba la chuma la kisima, ikiwa na vinyweleo vya pamba na ukoko mwekundu kwenye ukingo. Jedidah alitia kijiko kimoja cha mabaki ndani ya chupa ya kushoto, akaziba zote mbili kwa pamba tu, na kuanza kufagia. Hakutaka kutazama. Alifagia stoo mpaka kona ambazo fagio halikuzijua.

Alipogeuka, chupa ya kulia ilikuwa imetulia. Ya kushoto ilikuwa imejaa viputo vidogo vidogo, vikipanda bila kuchoka. Aliigusa. Ilikuwa na joto.

Mungu wangu, alisema, ni mimi.

Hofu aliyoisikia haikuwa ya pipa. Alijua vyema atakachopoteza. Hakuna mwingine aliyeipapasa lakiri ile, hakuna mwingine aliyejua kwamba ilikuwa nzima. Angenyamaza, Alhamisi ingepita, Riungu angekwenda kwao na barua yake mbaya, naye angeacha kumimina mabaki, dawa ingepona, na watu wote wangesema: mnaona, mwizi ameondoka na pamba imekuwa nyeupe. Ushahidi mzuri kuliko huo ungepatikana wapi? Aliliwaza hilo usiku wote wa Jumanne, na Jumatano yote pia. Tusimpambe kuliko alivyokuwa.

Alhamisi komiti ilikaa darasani, kwenye madawati ya watoto. Riungu alisimama mbele katika suti ya arusi ya mtu mwingine, mikono yake imetoka sana kwenye mikono ya koti. Dada yake Kathure alikaa mlangoni na hakusalimiwa na mtu. Mbaka alikuwa ameshashika barua. Aliuliza, kwa desturi tu, kama kuna mwenye neno.

Jedidah alisimama. Alitoa chupa mbili kwenye kikapu, akaziweka juu ya meza, na mbele ya macho yao akatia kijiko cha mabaki ya ndoo katika moja. Akawaomba wangoje. Walingoja, wengine wakikohoa. Viputo vilipoanza akawaambia yote: adabu ya ndoo, mabaki, nta, na lakiri aliyoikuta nzima Jumatatu asubuhi. Ciakuthii, aliposikia habari ya nusu kikombe, alijifunika uso kwa leso na kulia.

Mbaka aliitazama chupa, akamtazama Jedidah. "Na ulituambia ni mwizi. Uliona nini?"

"Sikuona kitu," Jedidah alisema. "Nilitaka tu awe yeye."

Mbaka aliirarua ile barua, na kwa kuwa hakupenda mambo marefu akasema hasira iishe hapo, wapeane mikono, Mama Stoo abaki na stoo yake na fundi arudi kazini. Watu walipiga makofi. Jedidah alinyoosha mkono, na machozi yalikuwa karibu.

Riungu aliupokea mkono, lakini hakukiachilia kichwa chake kiinamie chini kama kawaida. Alimtazama.

"Nitarudi kazi," alisema. "Lakini nataka stoo iwe na kufuli mbili. Moja yake, moja yangu. Asifungue kama sipo."

"Ni kwa sababu ya ile dawa?" Mbaka aliuliza.

"Dawa iko sawa, Mzee. Dawa akiambiwa isirudishwe kwa pipa, haitarudi. Ni kwa sababu yake."

Komiti ilikubali. Ingekuwa aibu kukataa.

Ijumaa asubuhi Riungu alimkuta Jedidah mlangoni. Fundi alikuwa na kufuli mpya, bado ina grisi ya dukani. Walifungua, kila mtu yake, wakaingia. Jedidah alichukua jagi, akalisuuza kwa maji safi ya mvua, akainama kwenye pipa kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo akahisi macho kwenye mgongo wake. Yalikuwa yakimfuata kiwiko kikienda, kiwiko kikirudi. Aliyajua macho hayo vizuri sana. Alitaka kusema jambo, kuomba radhi, kuuliza habari za Kathure na saluni yake. Badala yake akajaza jagi.

"Mama Stoo," Riungu alisema kwa upole kutoka nyuma yake, "huo mkono mwingine, weka mahali naweza kuuona."

Jedidah aliutoa mkono kwenye mfuko wa aproni, akauweka juu ya pipa, na kuendelea kumimina.